Maneno Anayoniambia Mama Kila Jioni

Ngokolo,
Shinyanga Mjini.
Jumapili, 21 Septemba 2025.

Mpendwa Mama Mkubwa Martina,

Shikamoo, Mama Mkubwa. Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, na ile miguu yako haivimbi tena kama Mjomba Deusdedit alivyotuambia. Baba Mkubwa Januari hajambo? Kikohozi kimemwachia? Dada Nelly na Amosi wanaendeleaje na masomo? Nasikia huko Newala msimu wa korosho unakaribia na kwamba mwaka huu mikorosho imechanua vizuri. Nimewahi kusoma juu ya korosho kwenye kitabu cha jiografia, lakini sijawahi kuona mti wake. Huku ni vumbi tu. Pamba imekwisha kuvunwa, mvua bado, na upepo wa mchana unaingia na mchanga hadi kwenye sufuria.

Mimi ni Limi. Sijui unanikumbuka kwa kiasi gani. Mara ya mwisho ulipokuja nilikuwa darasa la pili, ukanisuka nywele ukiwa umekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ukaniambia nina kichwa kigumu kama cha babu. Sasa nipo kidato cha tatu. Nimekuwa mrefu kuliko Mama. Naomba unisamehe kwa jambo moja: yule mtu aliyekupigia simu mara mbili mwezi uliopita, akakata ulipopokea, ni mimi. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri, lakini niliposikia sauti yako inavyofanana na ya Mama, ile ya zamani, nikashindwa. Kwa hiyo naandika. Kwenye kuandika angalau huwa sitetemeki.

Mjomba amekuwa akikuambia kwamba Mama anaendelea vizuri. Mama Mkubwa, si uongo wote. Anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Anatembea hadi uani akiwa ameshika ukuta. Lakini kuna jambo ambalo Mjomba hakukuambia, na hata mimi hakuniambia, na ndilo limenifanya nikae na kalamu leo baada ya misa.

Nianze mbali kidogo, maana sidhani kama kuna mtu aliyekusimulia vizuri maisha ya Mama, kabla na baada ya wewe kuacha kuja.

Unajua kwamba Baba alipofariki kwenye ile ajali ya lori la pamba, ndugu zake walitaka Mama arithiwe na baba mdogo, lakini Mama akakataa mbele ya wazee wote. Jumuiya yetu ya kanisani ikamwomba awasimulie wajane wengine alivyopata ujasiri. Mama alikwenda akiwa na karatasi mkononi, anaogopa, na alipomaliza kuongea wanawake hawakutaka kuondoka. Ndivyo ilivyoanza. Akaalikwa kigango cha jirani, kisha parokia, kisha Kahama, Bukombe, Ushirombo, Geita hadi huko machimboni. Siku za shule alifundisha darasa la tatu. Jumamosi alikuwa kwenye basi na begi lake la vitabu.

Kitabu chake cha kwanza kilikuwa *Maombi ya Mama Apikaye*. Kina sala fupi za kila kazi ya jikoni: sala ya kuwasha mkaa, sala ya kuchambua mchele, sala ndefu kidogo ya kusubiri maharage yaive. Watu wengine walicheka, lakini wanawake walikipenda, maana hawakuhitaji kuacha kazi ili kusali. Cha pili, *Nyumba Yenye Nyufa*, nitakirudia mbele. Cha tatu kilikuwa *Mjane Hakai Gizani*. Hicho nilikichapa mimi kwenye kompyuta, nikiwa darasa la sita, kidole kimoja kimoja.

Kwenye majalada yote hakuandika jina lake. Aliandika Mama Limi. Alisema ndilo jina watu wanalomwitia, na kwamba mwanamke akiitwa kwa jina la mtoto wake ameshapewa cheo. Nilipokuwa mdogo nilijiona mtu mkubwa sana kuona jina langu limebandikwa kwenye mabango ya kanisa. Nilipokua kidogo nikawa naona aibu, wenzangu shuleni walikuwa wananiita Bango. Sasa ningetoa chochote nirudi kwenye aibu ile.

Alikuwa akifanya mazoezi jikoni, ameshika mwiko kama kipaza sauti, na mimi ndiye niliyekuwa umati. Akifika mahali anasimama, ananiuliza, "Hapo umeelewa? Mama wa machimboni ataelewa?" Nikisema hapana, anabadilisha. Mama Mkubwa, nilikuwa mtoto asiyeongea mbele za watu, lakini jikoni kwetu nilimsahihisha mtu ambaye kumbi nzima zilimpigia vigelegele.

Kuna habari ya Morogoro ambayo lazima niitaje, kwa sababu ndiyo iliyotufikisha hapa. Nilikuwa na miaka mitano. Mama alialikwa kwenye kongamano kubwa, wanawake kutoka nchi nzima. Alipoanza kuongea, mstari wa mbele wakaanza kucheka, wameziba midomo kwa kanga, kwa sababu ya lafudhi. Alitamka maneno kama wanavyotamka watu wa Ushetu, kama babu, kama wewe. Alimaliza hotuba yake, hakulia. Lakini aliporudi nyumbani aliweka sheria kwamba ndani ya nyumba hii ni Kiswahili tu. Jirani akimsalimu kwa Kisukuma, anamjibu kwa Kiswahili. Bibi alipokuja kututembelea aliambiwa aongee nami Kiswahili, na kwa kuwa hakukijua vizuri, tulikaa tunatazamana tu na kutabasamu. Mama aliniambia, "Wewe hawatakucheka."

Na kweli hawanicheki. Mwalimu wangu wa Kiswahili husoma insha zangu mbele ya darasa. Lakini utashangaa, mtoto wa Kisukuma, tena aitwaye Limi, jina la Kisukuma kabisa, anajua salamu tu na maneno ya sokoni.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mama alikuwa anapiga pasi gauni la kwenda nalo semina ya Bukombe. Nilisikia pasi imeanguka. Nilimkuta ameketi sakafuni, mdomo umekwenda upande, ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza njia. Majirani wakamwita mtu wa bajaji, tukampeleka hospitali. Alilala muda mrefu. Alipofumbua macho na kusema neno la kwanza, muuguzi, ambaye ni mtu wa Moshi, alinigeukia mimi.

"Mama yako anataka nini?"

Nikasema sijui.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. "Minzi, we mtoto! Maji! Mama yako ana kiu, na wewe umesimama tu hapo!"

Kiswahili hakikurudi. Daktari alituambia kwamba ubongo ukiumia, wakati mwingine hushika lugha ya utotoni na kuiachia ile ya baadaye, na kwamba huenda kikarudi, huenda kisirudi. Kisha alimwita Mjomba pembeni, wakaongea kwenye korido. Mjomba aliporudi aliniambia daktari amesema tumpe matunda.

Basi nikaishi na Mama namna hiyo. Dada Vumilia, anayetusaidia nyumbani, anaongea naye mchana nikiwa shuleni, nawasikia wakicheka nikifika getini. Nikiingia, Mama ananitazama kwa upole. Ni mpole sana siku hizi, kuliko alivyokuwa. Jina langu halitaji. Nilidhani limepotea pamoja na Kiswahili.

Kila jioni, nikishamwosha miguu, ananishika mkono na kuniambia maneno yaleyale. Anayasema taratibu, na anaonyesha mlango. Mwanzoni nilimuuliza Mjomba, ambaye huja kutoka Kahama mwisho wa wiki. Akasema, "Anakubariki, mama. Anasema mlango huu uwe wa heri kwako kila ukitoka." Siku nyingine nikamuuliza Vumilia maneno hayohayo, akasema, "Anakukumbusha ufungie kuku." Nilijua kwamba maneno yaleyale hayawezi kuwa na maana mbili hizo. Mimi ni mtu wa vitabu, hilo nililiona. Lakini nilichagua ile ya Mjomba kwa sababu ilikuwa nzuri zaidi. Kila jioni nilimjibu, "Ndiyo, Mama. Asante, Mama." Naye anatikisa kichwa, kisha anaendelea kunitazama, kama anashangaa mbona bado nimekaa.

Mwezi wa nane mwenyekiti wa akina mama wa Geita, Mama Ansgar, alitupigia simu. Walikuwa na mkutano wao wa kila mwaka na walitaka Mama aletwe. Hataongea, alisema, wanawake wanataka tu kumwona na kumwombea. Mjomba hakutaka. Mimi ndiye niliyesema twende. Nilifikiri akiona wanawake wake, mabango, nyimbo, kitu fulani kitafunguka.

Ukumbi ulijaa. Wakulima wa Ushirombo, wake za wachimbaji, wafanyabiashara wa mjini, wengine wakiwa na *Maombi ya Mama Apikaye* kilichochakaa, kina madoa ya mafuta. Mbele kulikuwa na kitambaa kimeandikwa Karibu Mama Limi. Mama Ansgar akamwita kwa kipaza sauti, "Mama Limi! Mama Limi wetu!" Vigelegele vikapigwa. Mama hakugeuka. Alikuwa anatazama dirishani. Mjomba akamwinamia na kumwita, "Evelina," ndipo akainuka.

Wakamkalisha mbele. Mtu akaweka kipaza sauti karibu ili salamu ya padri isikike, na Mama akakishika kwa ule mkono mzima. Akasema, "Mwangaluka, mayu." Ilikuwa saa za alasiri, na hiyo ni salamu ya kuwaamkia akina mama asubuhi, lakini ukumbi mzima wa wakulima ukamwitikia kwa furaha, maana miaka yote hakuwahi kuwasalimu kwa Kisukuma. Akaanza kuongea.

Mama Mkubwa, hakuongea kwa kukatakata kama nyumbani. Aliongea. Wazee wa mstari wa tatu walianza kutikisa vichwa, kisha kuitikia, kisha wengine wakaanza kulia. Mama wa mjini aliyekaa karibu nami, ambaye si Msukuma, akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia sijui. Akanitazama. "Si wewe ndiye Limi?"

Mama Ansgar aliona wengine hawaelewi, akasimama kufasiri. Akasema Mama anatupa mfano: kuna ng'ombe wameingia kwenye shamba la pamba, na kuna ndugu amepotea, na ni lazima twende kumtafuta kabla jua halijazama. Akaeleza kwamba ng'ombe ni majaribu, pamba ni familia zetu, ndugu ni roho iliyomwacha Mungu. Watu wakasema amina. Wakapiga makofi. Mmoja akasema kwa sauti, "Kiharusi kimeshindwa!" Nilimtazama Mjomba ili nifurahi pamoja naye, nikaona amefunika uso kwa kofia.

Halafu Mama akanitazama. Akaninyooshea mkono, nikaenda mbele, mimi ambaye sijawahi kusimama mbele ya watu. Akanishika mkono na kusema yale maneno ya kila jioni, akionyesha mlango wa ukumbi. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Nami nikajibu kama kawaida, "Ndiyo, Mama. Asante, Mama."

Mama Ansgar hakufasiri. Akaanzisha wimbo.

Nje, karibu na jiko, nilimkuta bibi mmoja anaitwa Bibi Magesa. Anapikia wachimbaji wadogo ugali huko maduarani, kama wanavyoita mashimo yao, na siku hiyo alikuwa amekuja kupikia mkutano. Nilimchagua kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni alipoongea Mama, na yeye peke yake hakusema amina.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mayu. Wewe ndiye binti?"

"Ndiye mimi. Bibi, alisema nini mwishoni?"

"He! Hujui Kisukuma, na jina hilo?" Akataka kucheka, akaniona, akaacha. "Nyumbani wanakuambiaga nini?"

"Mjomba anasema ananibariki."

"Basi una mjomba mwema. Chukua hilohilo, nenda kanywe soda."

"Bibi, naomba."

Akafuta mikono kwenye kanga. Akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kumpa mtu mwingine kazi hiyo, hakukuwa na mtu.

"Anakuuliza wewe ni mtoto wa nani," akasema. "Anasema, wewe binti umekaa kwetu siku nyingi, umetusaidia kazi, tunashukuru. Giza linaingia. Nenda kwenu, mama yako atakuwa anakutafuta."

Nikamuuliza na ule mfano. Akasema, "Mfano gani? Anasema ng'ombe wameingia kwenye pamba na Martina hajarudi kutoka bwawani, kule lamboni. Alikuwa anatuomba tumsaidie kumtafuta dada yake. Watu wamepiga makofi, hakuna aliyeinuka."

Mama Mkubwa, nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Sikuongeza kitu.

Njiani kurudi, Mjomba alisimamisha gari Kahama kununua mafuta. Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma. Nikamwambia kwamba najua. Aliendelea kushika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Nilikuwa nasubiri Kiswahili kirudi," akasema, "upone bila kujua kwamba uliumwa."

"Na kisiporudi, Mjomba?"

"Ndiyo hivyo. Umeshajua." Baadaye akasema, "Usimkasirikie Vumilia. Mimi ndiye niliyemwambia aseme habari za kuku."

Sikuweza kumkasirikia mtu. Ningependa kukasirika. Nilifikiri zile jioni zote alizokuwa ananiaga kwa adabu, nami nakaa tu, nakula chakula chake, nalala kwenye nyumba yake, mtoto wa watu asiyejua kwenda kwao. Nilifikiri jinsi alivyokuwa na wasiwasi kwa ajili ya mama yangu.

Kwa mujibu wa Mjomba, Mama amerudi kwenye miaka ile ya Ushetu kabla ya shule ya bweni. Babu na Bibi wapo hai. Wewe na yeye mnachunga ng'ombe wa babu kuzunguka lambo. Hana mume, hana vitabu, hajawahi kwenda Morogoro. Hana mtoto. Hata Mjomba, Mama anamdhani ni mmoja wa wajomba zake. Anayemtafuta ni wewe tu.

Sasa naomba niseme jambo ambalo si la mtoto kulisema. Najua kwa nini uliacha kuja. Nilisoma *Nyumba Yenye Nyufa* nilipofika darasa la saba, nikafika kwenye sura ya mwanamke wa Ushetu aliyemwacha mume wa kwanza, asiyeweza kuvumilia, akakimbilia kusini. Hakuandika jina, lakini kila mtu wa kwetu alijua. Nilimuuliza kama huyo ni wewe, akaniambia niendelee kuosha vyombo. Alikuwa amewasimulia wanawake wengine maumivu yako kama somo, na makofi alipigiwa yeye. Nampenda Mama yangu, lakini hilo siwezi kulitetea.

Nataka tu ujue hili. Mwaka jana kitabu hicho kilipokuwa kinarudi kiwandani kuchapwa tena, aliniambia nifute sura yote. Nikamuuliza tuweke nini mahali pake, namba za kurasa za kitabu hazipendi pengo. Akasema, "Usiweke kitu. Ile habari haikuwa yangu." Nilifuta, na toleo jipya halina sura hiyo. Sijui kama alikusudia kukuambia. Ninadhani alikuwa anatafuta maneno, naye si mtu wa kutafuta maneno muda mrefu. Kisha ikaja ile siku ya pasi.

Niliporudi kutoka Geita nilimwomba Mjomba anifundishe jinsi ya kusema kwa Kisukuma, mimi ni mwanao, uliyenizaa mwenyewe, jina langu Limi. Alinifundisha hadi ulimi ukazoea. Nilijifunza kuliko nilivyowahi kujifunza kitu chochote cha mtihani. Nilikuwa nikirudia njiani kwenda shule, na nikiwa nafua, na kitandani.

Jumamosi iliyopita, nilipomaliza kumwosha miguu, kabla hajaniaga, nilipiga magoti mbele yake nikayasema yote. Mjomba alikuwa amekaa pembeni. Mama alisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Akanishika kichwa kwa mkono wa kushoto, akaniambia maneno mengi, na macho yake yalikuwa mazuri, Mama Mkubwa, kama anavyokuwa akimfurahia mtoto wa jirani aliyefaulu.

Nikamwambia Mjomba afasiri, na safari hii asinifiche. Akafasiri yote.

Alisema, "Wewe ni binti mwenye adabu. Naona umezoea hapa hadi unaniita mama. Mama yako amekulea vizuri. Ukifika kwenu, mwambie namsalimu."

Nimebeba salamu hizo tangu Jumamosi na sina wa kumpelekea.

Kwa hiyo nakuomba uje, Mama Mkubwa. Shule tunafunga mwezi wa kumi na mbili, lakini kama unaweza usingoje hadi hapo, maana miguu yake imeanza kuwa baridi na halali vizuri. Nimefikiria kwamba huenda asikutambue, kwa sababu anayemtafuta ni msichana, si mtu mzima. Lakini una sauti yake, na unajua njia ya lamboni na majina ya ng'ombe wale. Wewe ukimwambia umerudi, atalala. Na akishalala vizuri, siku yoyote utakayoona inafaa, mwambie kwa lugha yenu kwamba huyu binti anayemwosha miguu si wa watu. Mimi ameniheshimu, lakini hakuniamini. Wewe dada yake mkubwa atakuamini. Akikataa pia, basi utakuwa umekuja kumwona, na mimi nitakuwa na mtu wa kukaa naye anayejua alivyokuwa.

Sikuombi umsamehe. Hilo ni lenu wawili, na mmoja wenu hakumbuki.

Nauli Mjomba amesema atatuma, usiwe na wasiwasi. Ukifika stendi ya Shinyanga nitakuwa pale, nitavaa sketi ya shule ili unitambue.

Mfikishie Baba Mkubwa Januari shikamoo yangu. Msalimie dada Nelly, mwambie kama ana vitabu vya hadithi asivyovihitaji nitavitunza. Msalimie Amosi. Mjomba Deusdedit anawasalimu wote, na Vumilia pia, ingawa hamjuani. Mungu awafunike kwa mkono wake, korosho zenu zizae, na njia ya kuja huku iwe nyepesi miguuni mwako.

Ni mimi nikupendaye,

Limi, binti wa Evelina.